Goigoi Asiyesimama

Asubuhi ile hapakuwa na upepo hata wa kupeperusha uzi, na Goigoi alikuwa anazunguka.

Fundi aliliona jambo hilo akiwa bado kwenye gari la kazi, kabla hawajafika getini. Mitambo yote ya umeme wa upepo pale kilimani ilikuwa imesimama, mapanga yametulia, kama inavyokuwa siku yoyote isiyo na upepo. Lakini Goigoi, mtambo wa mwisho kule ukingoni, yule aliyekaa amezimwa miaka mpaka kunguru wakamfanya kwao, huyo alikuwa anazungusha mapanga yake taratibu, kwa raha zake. Fundi alimwambia dereva asimame, akashusha kioo. Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Ilikuwa ya oili ya giaboksi iliyoungua, na ndani yake kitu kingine, nywele zinazoungua.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "jana nilipoondoka mlifanya nini?"

Kijana aliyekaa pembeni yake akacheka, meno yote nje. "Tulimwamsha. Wewe si uliwahi kwenda kwako? Kazi imeisha."

"Na kufuli?"

"Nimelikata."

Fundi akapandisha kioo.

Sasa tuelewane kabla hatujaenda mbali. Fundi ni mwanamke, mkuu wa mafundi wa kilima kile, mkali, mtu wa kukagua kamba yako ya kupandia mara mbili hata kama umemzidi umri. Huyo kijana ni mdogo wa mumewe, na kazini walimwita Chapuchapu, jina alilopewa kwa haki kabisa. Mume mwenyewe ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani anakuja kama mgeni. Aliyebaki na Fundi ni mama mkwe, na mama mkwe ndiye aliyemwombea Chapuchapu kazi. Siku ya kwanza alimshika Fundi mikono yote miwili, akamwambia, "Mkwe wangu, huyu ni kitinda mimba. Sina mwingine baada yake. Mimi namjua kiherehere chake, ndiyo maana nakupa wewe." Fundi akakubali. Toka siku hiyo, kila Chapuchapu alipopanda mnara, Fundi hakuondoa macho juu mpaka amwone chini.

Na kufuli nalo lina habari yake. Kila fundi wa mitambo ile ana kufuli lake jekundu lenye jina lake. Kabla hujapanda, unavuta mkono wa breki uliopo chini ya mnara, unautia kufuli, ufunguo unaweka mfukoni mwako. Mkiwa watatu, makufuli matatu. Mtambo hauwaki mpaka kila mmoja ameshuka na kutoa la kwake kwa mkono wake. Kufuli la mtu haliguswi na mwenzake, na kulikata ndiyo usiseme. Mtu anaweza kukusamehe ukimtukania mama yake, lakini si hilo, maana ukikata kufuli la mtu aliyeko juu umemuua.

Sasa kwa Goigoi palikuwa na kufuli moja lililopigwa kutu, la fundi wa kwanza kabisa wa kilima. Alilifunga, akaondoka kazini, hakurudi. Hakuna aliyethubutu kuligusa, mpaka alipokuja meneja mpya.

Meneja yule wafanyakazi walimwita Asilimia. Hakuwa na mazungumzo mengine. Mitambo iwe tayari kufanya kazi asilimia ngapi ya saa zote, giaboksi limeiba asilimia ngapi, beringi imekula asilimia ngapi. Ukimwambia umefiwa, anapiga hesabu ya mtambo utakaosimama ukiwa msibani. Goigoi alikuwa sifuri, na sifuri ile ilimuuma Asilimia kama jino. Fundi alimkatalia kukata kufuli, tena mbele ya watu. Kwa hiyo akasubiri Fundi aondoke, akampa Chapuchapu mkasi wa kukatia chuma, akamwita mwanaume wa shoka. Chapuchapu hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kijana mjinga, jamani, lakini ujinga wake ulikuwa wa kutaka kusifiwa tu.

Goigoi akawa mtambo wa ajabu. Hakusimama kwa joto wala kwa mtetemo. Kwenye skrini ya chumba cha kuongozea alisoma mia kwa mia, siku baada ya siku, na Asilimia akawa anatembea amejaa kifua.

Kisha jirani yake akafa. Beringi ya shafti kubwa ilisagika kwa siku moja, na ilikuwa mpya, bado ina alama za kiwandani. Wa pili yake ikapasuka pampu ya oili. Wa tatu zikaungua mota za kumgeuzia kichwa kwenye upepo, zote kwa pamoja. Mafundi walikuwa hawajamaliza kufunga kifaa kimoja wanaitwa kwingine. Stoo ikabaki na boksi tupu na mtunza stoo anayenuna. Na kila mtambo ulipokata roho, Goigoi aliongeza mwendo kidogo.

"Unaona?" Fundi alimnong'oneza mtunza stoo, wamesimama mlangoni. "Vinaharibika kwa mstari. Kutoka kwake kuja huku."

"Naona," yule mzee akajibu, naye kwa sauti ya chini. "Na mstari ukiisha mitambo, unafuata nini? Ofisi. Kisha barabara. Kisha nyumba yako wewe, ya kwanza bondeni."

"Usiniambie hivyo."

"Umeniuliza."

Nyumbani balaa lilikuwa limeshafika. Friji lilizima. Saa ya ukutani ikasimama, wakabadilisha betri, ikagonga kidogo ikasimama tena. Na Chapuchapu hakukaa. Mwanzoni walidhani ni furaha ya kusifiwa kazini. Alikula amesimama, baadaye akawa hali. Alikuwa anatembea kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma, anageuka, anarudi, mwendo ule ule, na mkono wake wa kulia ukichora duara hewani bila yeye kuuangalia. Hakulala. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imepasuka, na ukimgusa shati ni la moto. Akipita karibu unasikia harufu ile ya oili na nywele.

"Kaa chini, shemeji. Kidogo tu," Fundi alimwambia Jumapili moja mchana, watu wote wamejilaza baada ya kula.

"Nataka," alijibu, akipita. "Nataka sana, shemeji. Haitaki." Akageuka ukutani. "Nikijaribu kusimama inaniuma hapa." Akajipiga kifuani bila kukatisha mwendo, na machozi yakawa yanamtiririka huku miguu inakwenda.

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, anamshonea mwanawe kifungo cha shati. Sindano ikaishia katikati ya kitambaa. Aliutazama mkono wake kwa muda, kisha akamtazama Fundi. "Mkwe wangu," alisema polepole, "mkono umezima." Hakusema umekufa ganzi. Alisema umezima, kama taa.

Wakaita mganga. Alifika mlangoni, akasikiliza zile hatua zinazokwenda na kurudi ndani, akavaa tena viatu alivyokuwa amevivua, akaondoka bila kuaga.

Siku iliyofuata Fundi akampanda Goigoi.

Asilimia alikuwa amekataza mtambo ule usisimamishwe hata dakika, kwa hiyo Fundi alipanda ukiwa unazunguka, bila kuvuta breki, bila kufunga kufuli lake, kosa ambalo angemfukuzia mtu mwingine kazi. Alijiambia anakwenda kusikiliza tu. Ndani ya mnara palikuwa na joto la kitandani pa mgonjwa. Alipanda ngazi ile ndefu huku mnara unavuma, na kadiri alivyopanda mvumo ule ukawa unavutwa ndani na kutolewa nje, unavutwa na kutolewa, mpaka akagundua kwamba yeye mwenyewe anapumua kwa kuufuata, na alipojaribu kupumua kwa mwendo wake akashindwa, kifua kikagoma, ikabidi aufuate tena, na hivyo ndivyo alivyofika kwenye kile kibanda cha juu ambamo giaboksi hukaa, akiwa amepumuliwa njia nzima na kitu asichokiona.

Mchana ulikuwa unaingia kwa kijidirisha cha paa. Giaboksi lilikuwa mbele yake, kubwa kuliko gari, na lilikuwa kimya. Hilo ndilo lililomtisha, maana giaboksi linalofanya kazi hupiga kelele mpaka meno yakuume. Akaliwekea mkono. Lilikuwa na joto, na chini ya chuma kitu kikamsogelea kiganja, kikakigusa kwa ndani, kikatulia hapo. Akautoa mkono upesi, akawasha tochi, akainamia kidirisha cha kioo cha kukagulia gia, na akaona kwamba gia zilikuwa hazina meno, hakuna hata jino moja, zimesagika zikawa laini kama sahani, oili imekauka siku nyingi, beringi zimevunjika vipande vipande na vile vipande vimelala chini, hakuna chuma kinachoshika chuma kingine mle ndani, na bado shafti ilikuwa inazunguka, inazunguka kwa nguvu zote, na nyuma ya kioo, katika giza la lile boksi, palikuwa na jicho limemkodolea Fundi, halipepesi, na kando ya sikio lake sauti ya Chapuchapu, aliyekuwa nyumbani bondeni akizunguka sebuleni, ikasema kwa utulivu kabisa, "Shemeji, nimebakiza kidogo."

Alishukaje hajui. Alijikuta nje amepiga magoti kwenye kokoto, kinyesi cha kunguru kimemjaa mikononi, anatapika.

Mtunza stoo alimwonyesha alikokwenda yule fundi wa kwanza. Hakuwa mbali, alikuwa mjini, nyuma ya kituo cha mafuta. "Lakini hutapata neno kwake," mzee alimwonya. "Alipooza mwili mzima wiki ile ile aliyoacha kazi. Hasemi, hainui hata kidole."

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye uso unaong'aa. "Umekuja kumwona? Karibu, karibu, kila mtu anakuja kumwona! Mume wangu amepona, wewe! Miaka yote nimemlisha kwa kijiko, siku moja jioni naona ameinuka kwenye kiti, ananiuliza chumvi iko wapi."

Uani, mwanaume mwenye mvi alikuwa anaruka kamba na wajukuu zake, anahema, anacheka. Alipoona ovaroli ya Fundi, kamba ikamponyoka. Akawafukuza watoto ndani.

"Nani amelikata?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mdogo wa mume wangu."

"Anatembea?"

"Hasimami."

"Litamwendesha mpaka moyo upasuke. Halafu litachukua mwingine." Alitema mate pembeni. "Lile jini halina uhai wake, binti. Linazunguka kwa uhai wa vingine. Tulilisimikia mnara kichwani, likapanda nao. Lilimuua mwenzangu juu kule mbele ya macho yangu. Nikavuta breki, nikafunga kufuli langu, likatulia. Nami nikatulia. Kufuli haliwezi kulinyamazisha lile. Linakunyamazisha wewe, na wewe ndiye unayelikalia. Ungefunga la kwako pale, saa hizi kuna mtu anakufuta mate."

"Twende wote, mzee. Nakupigia magoti."

"Piga hata kichwa ukutani!" Sauti ilimpanda, akaishusha akitazama mlango wa ndani. "Unajua nzi akitua kwenye jicho lako na huwezi kumfukuza? Anatembea humo jichoni, unamwona miguu. Unamsikia mkeo analia kila siku na huwezi kumwambia nipo. Mimi sirudi. Afe huyo kijana wenu, ufe na wewe. Toka kwangu."

Fundi akatoka. Alikuwa barabarani tayari, amejishika ukuta, yule mwanaume alipochungulia getini.

"Lazima mwenye kufuli alifunge mwenyewe," alisema haraka haraka, bila kumtazama. "Mkono wake, hiari yake, asishurutishwe. Lakini si lazima ajue." Geti likafungwa.

Kwanza Fundi alijifikiria mwenyewe. Tusimnyime hilo. Alilishika kufuli lake mfukoni njia nzima ya kurudi, akawaza kiti, akawaza nzi, na ukweli ni kwamba hakutaka. Alimpenda Chapuchapu, alikubali kumlinda, na hakutaka. Akaona aibu, na aibu haikumbadilisha. Basi akaenda ofisini kwa Asilimia, akamweleza yote kwa mnong'ono wa haraka haraka: gia zisizo na meno, jicho, shemeji yake, mkono wa mama mkwe.

Asilimia alimsikiliza huku anaangalia skrini. "Gia hazina meno na mtambo uko mia kwa mia," alisema. "Naomba mitambo yote iote ugonjwa huo."

"Bosi, kijana anakufa. Wewe ndiye uliyempa ule mkasi."

"Beringi ikichoka tunafanyaje? Tunabadilisha. Mtu naye ni hivyo hivyo. Niletee mwingine." Hata macho hakuyainua. "Na Goigoi asiguswe."

Chuki ilimpanda Fundi taratibu kutoka miguuni, na ilipofika kichwani alikuwa ameacha kunong'ona. Akavuta kiti akakaa.

"Haguswi, bosi, ila kuna bima," alisema. "Bila ukaguzi wa mwaka hawamlipii kitu. Lakini ukaguzi uliopangwa saa zake hazihesabiwi, unajua. Skrini inabaki mia."

Hapo macho yakainuka. "Inabaki mia?"

"Mia. Na nilikuwa nafikiria picha. Meneja mwenyewe, mbele ya mtambo usiosimama, anafunga kufuli lake kwa usalama. Makao makuu wangeibandika ukutani."

Asilimia alijipapasa tai. Kufuli lake, maana hata meneja hupewa, lilikuwa kwenye droo, halijawahi kutoka kwenye nailoni.

Walikwenda mchana kweupe. Asilimia alichana nywele kwenye kioo cha gari. Chini ya mnara ile harufu ilikuwa nzito mpaka dereva akabaki mbali, na juu mapanga yalikuwa yanakata hewa kwa kasi ambayo hakuna upepo ulioileta. Fundi aliinua simu ya kupigia picha. Mikono yake ilikuwa imetulia tuli.

"Hivi?" Asilimia aliuliza, ameushika mkono wa breki.

"Unafunga mwenyewe, bosi? Sijakulazimisha."

"Nani anilazimishe mimi? Piga picha."

Akauvuta. Akatia kufuli, akalibana, likalia. Mapanga yakapunguza mwendo, na kutoka juu ndani ya mnara kikashuka kilio kirefu, kikapita ngazi moja moja, kikafika nyuma ya mlango wa chuma aliosimama mbele yake Asilimia, na hapo kikakatika. Asilimia alikuwa bado anatabasamu kwa ajili ya picha. Aliendelea kutabasamu. Fundi alimwita mara moja, kwa cheo chake. Kisha akamwita dereva aje amsaidie kumbeba.

Alipofika nyumbani alimkuta Chapuchapu sakafuni sebuleni, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, anakoroma kama trekta. Mama mkwe alikuwa anampapasa nywele kwa mkono wa kulia. "Usimwamshe," alinong'ona. "Mwache alale mpaka achoke kulala." Fundi alikaa ukutani akalia mpaka kwikwi zikamshika.

Madaktari walisema ni kiharusi. Makao makuu walileta meneja mwingine, mtu mpole, na alipouliza kuhusu lile kufuli kwa Goigoi, Fundi alimwambia kanuni ya kilima: la mtu haliguswi mpaka arudi mwenyewe. Meneja mpya akasema kanuni ni kanuni. Beringi zilizofungwa msimu ule zinafanya kazi mpaka leo.

Kwa Asilimia, Fundi huenda kila Jumamosi kumpumzisha mke wake, maana mama yule hana msaada. Humkalisha Asilimia kwenye kiti karibu na dirisha, humfunga kitambaa shingoni, humlisha uji polepole asije akapaliwa. Nzi akitua usoni pake, Fundi humfukuza upesi kuliko mtu yeyote. Wiki iliyopita mke aliingia na nguo za kukunja, akasimama akawatazama, akatabasamu kwa uchovu.

"Mungu akulipe, dada yangu," alisema. "Na yeye anakupenda, unaona? Ndugu zake wanakuja, watoto wanakuja, anawaangalia tu. Ukiingia wewe ndiyo machozi yanamtoka."

Fundi alimfuta machozi kwa ncha ya kitambaa, upande mmoja, kisha wa pili. Akachota kijiko kingine.